Harusi ya Mchana, Albamu ya Magharibi

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na mapenzi, na yangu ni ya skrini ya kompyuta. Usicheke kwanza. Mimi na mdogo wangu hatujasemezana vizuri kwa wiki tatu sasa, na chanzo ni hiyo skrini.

Nina miaka 34. Huu ni mwaka wa saba napiga picha za harusi na za familia. Mdogo wangu wa kiume aliungana nami miaka miwili iliyopita. Siku ya kazi tunapiga wote wawili, kisha yeye anachambua, maana harusi moja inaweza kutuletea picha elfu tatu. Zikishachambuliwa tunagawana za kuhariri: mimi nachukua nusu ya kwanza ya siku, yeye ya pili. Mimi natumia monita ya kawaida ya inchi 24, ya pikseli (zile nukta ndogo za skrini) 1920 kwa 1080, niliyoiunganisha na laptopu yangu. Yeye anatumia laptopu yake peke yake, na kazi zake nyingi anazimalizia usiku wa manane akiwa kitandani.

Miezi miwili iliyopita tulikabidhi albamu ya harusi. Mama wa bibi harusi akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema, wala hakuwa mkali: "Lakini mwanangu aliolewa mchana. Mbona humu kama magharibi?"

Nikaitazama nami. Kweli. Suti nyeusi ya bwana harusi imekuwa doa moja, huoni kola wala kifungo. Kwenye kurasa zangu nyuso zimeiva wekundu kama za watu waliounguzwa na jua. Kwenye kurasa za mdogo wangu zimeingia ubuluu, kama wamesimama kwenye korido ya hospitali. Kwenye skrini zetu hazikuwa hivyo, naapa. Niliwapigia simu waliochapa, wakanijibu kwamba wamechapa kile nilichowatumia.

Tangu siku hiyo tumekubaliana neno moja tu, kwamba tununue vifaa vipya kwa akiba yetu ya pamoja. Hapo ndipo tulipoachana njia. Mimi nataka monita moja ya maana: ile inayoonyesha asilimia 99 ya rangi za Adobe RGB, wigo mpana wa rangi, yenye kofia ya kuzuia mwanga, inayosawazishwa rangi kwa ndani yake yenyewe. Nimesoma kwamba ndizo wanazotumia wenye kazi zao, na naogopa tukikosa hiyo tutabaki nyuma milele. Yeye anataka mbili za inchi 27 zisizo na makuu, ziwekwe bega kwa bega, moja ya picha na nyingine ya kuchambulia na kuwekea vidirisha vya programu. Anasema kinachotuchelewesha ni nafasi, wala si rangi. Mume wangu, ambaye kwa kawaida haingilii, akaongeza la tatu: kwa nini msinunue moja kubwa ya 4K, yenye pikseli nyingi sana, mkamaliza?

Siku tulipokaa kuamua, mdogo wangu aliniambia hivi: "Dada, tatizo si skrini. Tatizo ni macho yako. Miaka yote unapenda picha za giza." Nami nikamjibu kwamba mtu anayehariri harusi za watu akiwa amelala chali hana haki ya kusema habari ya macho. Tukaishia hapo.

Kuna jambo jingine, Shangazi, na hili sijamwambia. Ile albamu niliichapisha upya yote, na fedha nilizitoa kwenye akiba. Nilikaa siku mbili nikiongeza mwangaza picha moja moja kwa kukisia. Ikatoka afadhali, mama akaridhika. Lakini akiba imepungua karibu theluthi, na mdogo wangu bado anapiga hesabu ya monita mbili kwa fedha ambazo hazipo.

Ili uelewe mazingira: chumba chetu cha kazi kina dirisha kubwa upande wa kushoto wa meza yangu. Ukuta nilio nao mbele na ubavuni niliupaka mwenyewe kijani cha majani mabichi, unapendeza sana. Monita yangu ni nzima, sijawahi kugusa mipangilio yake tangu nilipoitoa kwenye boksi, na picha zinang'aa vizuri.

Nichague ipi? Na nianzie wapi kumwambia?

Mpiga Picha Aliyekosa Usingizi

*

Marahaba, mwanangu. Sijacheka hata kidogo. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka kadhaa kwenye chumba cha giza nikisafisha picha kwa dawa, na simanzi ya kuona picha imetoka tofauti na ulivyoiona naijua. Karatasi ikiwa bado imelowa kwenye trei inang'aa na kupendeza, unaitoa kwa furaha, unaianika, na ikikauka imetia giza. Wa mwanzo wote tuliilaumu karatasi. Baadaye tukajifunza kuchapa kwa kuacha nafasi ya ule ukavu. Karatasi haikuwa na kosa, na macho yetu hayakuwa na kosa. Tulikuwa tunaiamulia ikiwa katika hali ambayo mteja hatakuja kuiona.

Barua yako imefunga mambo matatu katika kamba moja: albamu iliyoharibika, uchaguzi wa skrini, na fedha ulizozitoa kimya kimya. Wewe umeyaona kama jambo moja, kwamba skrini mbovu imeleta albamu mbovu iliyoleta ugomvi, basi skrini nzuri itaponya vyote. Nakuomba tuyafungue taratibu, maana sina hakika kwamba la kwanza lilisababishwa na ulichokidhani.

Hebu nikurudishe kwenye sentensi uliyoipita mbio mwishoni: hujawahi kugusa mipangilio ya monita tangu ilipotoka kwenye boksi, na picha zinang'aa vizuri. Mwanangu, hapo ndipo mimi nilipoweka kalamu chini. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa kandela kwa kila mita moja ya mraba. Monita nyingi zinapowashwa kwa mara ya kwanza huwa juu sana, mara nyingi 250 hadi 350, kwa sababu zimetegwa zivutie macho mahali penye taa kali. Anayehariri picha za kuchapwa kwa kawaida huishusha hadi kati ya 80 na 120. Chukua mfano wa skrini iliyo kwenye 300 wakati ilitakiwa iwe 100. Hiyo ni mara tatu, na wewe unayezungumza lugha ya kamera utaelewa nikisema ni zaidi ya stopu moja na nusu, stopu moja ikiwa ni mwanga mara mbili. Kila picha unayoiona imekaa sawa, kwenye karatasi itakuwa chini kwa kiasi hicho. Suti inakuwa doa. Mchana unakuwa magharibi.

Kwa hiyo mdogo wako anaposema unapenda picha za giza, na wewe unapoona skrini yako haifai, huenda nyote mnakosea mlango. Inawezekana macho yako ni mazima na monita yako ni nzima, ila kitufe cha mwangaza hakijawahi kuguswa na mtu.

Nasema inawezekana, kwa sababu mimi siko chumbani kwenu. Wewe uko. Ile albamu ya kwanza, kama bado unayo, ichukue. Fungua kwenye skrini picha ileile iliyoko ukurasa wa tatu, faili lilelile ulilotuma, si ulilolirekebisha baadaye. Shika albamu kando ya skrini chini ya taa nyeupe nzuri, kisha shusha mwangaza wa monita kidogo kidogo mpaka vitu viwili hivyo vianze kufanana. Vikifanana, umempata mwizi wako bila kutumia hata senti. Visipofanana hata ukishusha namna gani, basi kuna jingine, na hapo una haki ya kuwauliza waliochapa kama mashine yao hurekebisha picha yenyewe kabla ya kuchapa, maana zipo zinazofanya hivyo usipoomba zisifanye. Angalia na histogramu ya picha hiyo, ile grafu yenye giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Yenyewe inahesabu namba zilizomo kwenye faili, haijui skrini yako inang'aa kiasi gani. Kama kilima chote kimelundikana kushoto kwa picha ya saa saba mchana, ilikuwa inakwambia tangu siku ile.

Sasa wekundu. Hapa naingia kwenye ukuta wako, na najua uliupaka kwa mkono wako, kwa hiyo nitakwenda pole. Dirisha linaingiza mwanga, mwanga unagonga kijani, kijani kinaakisiwa kwenye kioo cha skrini. Hapo picha inaweza kuonekana ina ukijani kidogo usiokuwemo, na mkono wako unauondoa. Kinyume cha kijani kwenye kitelezi cha programu ni majenta. Ukiondoa kijani ambacho hakikuwepo, umeongeza uwaridi na wekundu kwenye mashavu ya watu. Wahariri wa picha hupaka vyumba vyao kijivu cha kati, rangi isiyovutia kabisa, kwa sababu hiyo hiyo. Hata fulana nyekundu inaweza kujiakisi kwenye kioo. Sikwambii upake upya kesho. Kitambaa cha kijivu nyuma ya skrini, pazia zito dirishani, na meza kugeuzwa ili dirisha lisipige kioo moja kwa moja, vinaweza kukusogeza mbali kuliko unavyofikiri.

Na ubuluu wa mdogo wako? Umeandika anahariri usiku wa manane. Muulize, kwa upole, kama laptopu yake ina ile hali ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya manjano ili macho yasichoke. Kama inawaka, yeye anaona kila uso una umanjano, anauondoa, na kinyume cha manjano ni buluu. Ongeza kwamba amelala. Laptopu nyingi za bei ya chini zina paneli (kile kioo kinachotoa picha) za aina ya TN, ambazo ukiinamisha mfuniko kidogo tu uso wa mtu unabadilika kutoka mweusi hadi kufifia. Paneli za IPS hazina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wahariri wengi wamezichagua. Paneli za aina ya tatu, VA, zinakaa katikati: weusi wake ni mzito na mzuri, lakini vivuli vyake vinabadilika ukisogeza kichwa pembeni.

Unaona basi. Albamu yenu haikuhaririwa na watu wawili wenye macho mabaya. Ilihaririwa katika vyumba viwili visivyofanana, kwa skrini mbili zisizojuana, kisha ikafungwa katika jalada moja.

Tuje kwenye hofu yako, ya asilimia 99 ya Adobe RGB. Naomba nikuulize swali ambalo barua yako haikulijibu: picha zenu huishia wapi? Kama ni kwenye simu za wageni na kwenye albamu, inafaa kujua kwamba maabara nyingi za uchapaji huomba mafaili ya sRGB, wigo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya skrini za kawaida. Adobe RGB ulikuja mwaka 1998 na ni mpana zaidi, hasa upande wa kijani na samawati ya bahari. Lakini ngozi ya binadamu, nyeusi, ya maji ya kunde au nyeupe, inakaa ndani ya sRGB. Gauni jeupe linakaa ndani. Suti nyeusi inakaa ndani. Yaani yote matatu yaliyoharibika kwenye ile albamu hayakuhitaji rangi hata moja iliyoko nje ya uwezo wa monita nzuri ya kawaida.

Na upana una hatari yake. Programu isiyojua kusoma profaili za rangi, yaani maelezo ya jinsi rangi zinavyopaswa kuonekana, ikiwekwa kwenye skrini pana, inaonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi. Ukihariri kwa kuifuata, unapunguza rangi, na kwenye simu ya mteja picha inapauka. Ukituma faili la Adobe RGB kwa mtu asiyelitarajia, linaweza kutoka limefifia vilevile. Monita hizo pana huwa na hali ya kuiga sRGB, na kwa kazi yenu ya sasa huenda ungeishi humo siku nyingi, yaani umenunua nyumba ya vyumba sita ukalala sebuleni. Upande wa pili upo pia. Kama unafikiria kuanza kuchapa mandhari kubwa za ukutani kwa printa ya wino wa rangi nyingi, au mteja ameshaanza kukuomba hivyo, printa hizo zinafikia rangi ambazo sRGB haizigusi, na kuhariri usichokiona ni kutembea gizani. Swali ni kazi gani unaitaka miaka mitatu ijayo, na hilo ni la kwako.

Unachokitaka kwenye hiyo monita ya ndoto, mimi nadhani, si upana. Ni uhakika. Uhakika una kifaa chake, na hakuna kati yenu watatu aliyekitaja! Kolorimita, kidude kidogo kama kipanya cha kompyuta, unakining'iniza juu ya skrini, programu inaonyesha viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, kidude kinasoma skrini inatoa nini hasa, kisha inatengenezwa profaili ya kuisahihisha. Unachagua shabaha: mwangaza tuseme 100, weupe wa D65 ambao ni kama kelvini 6500, na gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, ya 2.2. Skrini iwe imewaka nusu saa kwanza. Wengi hurudia kila mwezi, kwa sababu taa ya nyuma ya skrini huchakaa. Programu ya DisplayCAL ni ya bure, na kolorimita nyingi huja na programu yake. Kidude kimoja kinaweza kupima monita yako, laptopu ya mdogo wako, na chochote mtakachonunua baadaye.

Ila kisikudanganye. Hakiwezi kuongeza rangi ambayo paneli haina. Laptopu ya paneli dhaifu ikisawazishwa inakuwa dhaifu inayosema kweli kadiri ya uwezo wake. Na tofauti ya kusawazisha kwa ndani, uliyosoma habari zake, ni kwamba marekebisho yanaandikwa ndani ya monita yenyewe badala ya kwenye kadi ya grafiki, kwa hiyo pale rangi inapobadilika taratibu, kama kwenye anga au ukuta, haikatikikatiki kuwa michirizi. Ni jambo zuri. Kama ni la lazima kwa harusi, sina hakika ningelipigania kwa theluthi mbili ya akiba.

Upande wa mdogo wako sasa, na nitamtetea kidogo. Mtu anayechambua picha elfu tatu anajua anachosema anaposema nafasi. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Monita yako ya sasa ina pikseli kama milioni 2 tu, kwa hiyo ukiikuza picha hadi asilimia 100 kuangalia kama jicho la bibi harusi limekaa kwenye fokasi, unaona kama sehemu moja ya kumi na mbili yake. Skrini ya pikseli 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7, na kwa inchi 27 ni kama pikseli 109 kwa kila inchi, maandishi yanasomeka bila kukuzwa. Hiyo peke yake ni nafuu kubwa ya mgongo na shingo.

Lakini mbili bega kwa bega zina tabu ambayo wauzaji hawaisemi kwa sauti. Hata za modeli moja zilizonunuliwa siku moja huwa hazina weupe unaolingana, na hata baada ya kupimwa, jicho linaweza kuona moja ina uwaridi na nyingine ukijani. Ukiburuta picha kutoka hii kwenda ile, unaanza kujiuliza ipi inasema kweli, na ninyi wawili mmeshakuwa na maswali ya kutosha ya aina hiyo. Wanaozitumia vizuri huweka mkataba: moja ndiyo hakimu wa rangi, nyingine ni ya vidirisha na kuchambulia, na hakuna anayeihukumu picha kwenye ile ya pili. Kwa mkataba huo, hakimu anaweza kuwa mpya na msaidizi akawa ile inchi 24 uliyo nayo tayari. Silipendekezi kama jibu. Nashangaa tu kwamba mmepanga vyote kana kwamba ya zamani imeshakufa.

Wazo la mume wako lina uzito wake pia, usilipuuze kwa sababu alilisema mlangoni. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3, karibu theluthi ya picha yako nzima kwa mtazamo mmoja. Kwenye inchi 32 zinafika pikseli 138 kwa inchi, vidirisha na picha vinaishi pamoja bila kusukumana. Hatari yake ni laptopu. Kama tundu lake la HDMI, la kuchomekea waya wa skrini, ni la toleo la 1.4, kwa 4K litakupa fremu 30 tu kwa sekunde, na kishale kitatembea kama kimelewa. Na mashine ya zamani ikisukuma pikseli mara nne ya ulizozoea, kila kitelezi kinachelewa kuitika. Ulizia tundu kabla ya kuulizia skrini. Halafu picha kwenye 4K huonekana kali na safi sana, chembechembe zinajificha, kwa hiyo watu wengine huziacha kwenye picha bila kuziona mpaka mteja aikuze.

Haya. Fedha.

Umeandika "sijamwambia" na ukaendelea na habari ya ukuta, kana kwamba ni maelezo ya mazingira tu. Nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Sikulaumu kwa kuichapisha upya ile albamu. Mama wa watu alikuwa amesimama mbele yako na kumbukumbu ya siku ile haiwezi kurudiwa, ukafanya ambalo mwenye heshima ya kazi angefanya. Lakini ulibeba peke yako kosa la watu wawili, na tangu hapo kila anapotaja monita mbili unamsikia kama mtu asiyejali, wakati yeye hajui. Hata ile kauli yake ya macho, chungu kama ilivyokuwa, aliitoa akidhani hasara haijatokea.

Ukimwambia, anaweza kukasirika. Fedha zilikuwa za wote na hukumuuliza. Anaweza pia kuona aibu, kwa sababu nusu ya kurasa zile zilikuwa zake, na aibu ya mdogo wa kiume mara nyingi hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira, wewe unamjua kuliko mimi. Usipomwambia, siku ya kununua itafika na hesabu itajisema yenyewe, tena mbele ya muuzaji. Unaweza kuchagua kuirudisha taratibu kutoka mfukoni mwako bila kusema, wapo waliofanya hivyo, ila pima kama utaweza kukaa naye meza moja miezi yote hiyo huku unahesabu peke yako.

Kama mtaongea, mimi nisingeanza na akiba. Ningemwita aje na laptopu yake mchana, akae kwenye kiti si kitandani, mzime hiyo hali ya usiku kama ipo, muweke picha moja ya harusi ile kwenye skrini zote mbili na albamu ya kwanza katikati. Msiseme nani ana macho. Mpe yeye kitufe cha mwangaza wa monita yako akishushe mwenyewe mpaka kifanane na karatasi. Nadhani mtakapofika hapo, habari ya albamu ya pili itakuwa na mahali pa kukaa, na mtajua pia kama mnachokikosa ni skrini, au kidude cha kupimia, au pazia. Huenda ni vyote. Huenda theluthi mbili zilizobaki zikatosha kuliko mlivyodhani, huenda mkaamua kungoja msimu mmoja zaidi na kuhariri kwa ya zamani iliyofunzwa adabu.

Ule ukuta lakini, mwanangu. Sawa, nimenyamaza.

Kabla hujaushusha huo mwangaza, tazama kwenye menyu ya monita uko kwenye namba gani kati ya 100, uniandikie. Mimi nakisia ni mia yenyewe.

Shangazi yako